Siagi, samli, majarini au mafuta ya maji: kipi kinaweza kukaa mahali pa kingine

Resipi inasema siagi, wewe una mafuta ya alizeti. Au inasema mafuta ya nazi na kwenye kabati kuna majarini tu. Hapo wengi wetu tunafanya moja kati ya mawili, ama tunaahirisha kupika ama tunatia kile kilichopo kwa kipimo kilekile kilichoandikwa, halafu keki ikitoka nzito na karatasi ya chini imelowa mafuta tunalaumu oveni. Mi naona kubadilisha kwenyewe hakuna shida kabisa, mafuta yanapokezana vizuri tu, shida ni kwamba tunayalinganisha kwa majina wakati tulitakiwa kuyalinganisha kwa kazi. Kabla hujabadilisha chochote jiulize kwanza, kwenye hiki chakula mafuta yanafanya kazi gani? Yanapeleka moto kwenye chakula, kama kwenye kukaanga? Yanashika hewa, kama kwenye keki ya kuchapa? Yanatenganisha tabaka za unga, kama kwenye pai? Au yapo kwa ajili ya ladha tu, yale ya kumwagia juu mwishoni? Ukishapata jibu la hilo swali uchaguzi unakuwa mwepesi, na kinachobaki ni hesabu ndogo ya maji.

Naanza na hiyo hesabu maana ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Nani ana maji na nani hana

Siagi sio mafuta matupu. Siagi ya kawaida ina mafuta asilimia 80 hadi 82, maji asilimia 16 hadi 18 hivi, na kidogo kilichobaki ni chembe za maziwa, yaani protini na sukari ya maziwa. Majarini ngumu ya kuokea nayo inatembea kwenye asilimia 80 hiyohiyo. Samli imeshatolewa maji na chembe, ni mafuta zaidi ya asilimia 99. Mafuta ya maji yote, iwe alizeti, kanola, soya, karanga, mahindi au zeituni, ni mafuta asilimia 100, na mafuta ya nazi vilevile hata ukiyakuta yameganda kwenye chupa, kuganda hakumaanishi yana maji ndani.

Sasa ona kinachotokea. Gramu 100 za siagi zina gramu 80 tu za mafuta. Ukimimina gramu 100 za mafuta ya alizeti badala yake, umeongeza mafuta kwa robo nzima na papo hapo umeondoa maji ambayo unga ulikuwa unayategemea. Ndio maana keki inatoka na mafuta yanayong'aa juu halafu ukiikata inavunjikavunjika. Kipimo sahihi ni gramu 80 za mafuta ya maji kwa kila gramu 100 za siagi, pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha maji au maziwa kufidia yale yaliyokosekana. Kama unapima kwa jagi, gramu 80 za mafuta ni kama mililita 87, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji, mililita moja ina gramu 0.92 hivi. Wale wa vikombe wanatumia robo tatu ya kikombe cha mafuta kwa kikombe kimoja cha siagi, inapungua kidogo ukilinganisha na mizani lakini kwenye keki haidhuru.

Ukienda upande wa pili, resipi inataka mafuta na wewe una siagi, geuza hesabu: kila gramu 80 za mafuta weka gramu 100 za siagi iliyoyeyushwa na kupoa kidogo, halafu punguza kijiko kikubwa kimoja kwenye maziwa au maji ya resipi. Na angalia chumvi jamani. Siagi yenye chumvi huwa na chumvi asilimia 1.5 hadi 2, maana yake pakiti ya gramu 250 ina gramu 4 hadi 5, hicho ni karibu kijiko cha chai kizima, ukiongeza na chumvi ya resipi juu yake utaisikia. Na kinyume chake pia, ukitoka siagi yenye chumvi ukaenda mafuta, keki itapooza ladha usipoongeza chumvi kidogo kwa mkono wako.

Kwenye kuoka: siagi na mafuta ya maji

Hapa ndio penye tofauti kubwa kuliko pote kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siagi ina kitu kimoja ambacho mafuta ya maji hayana na hayatakuja kuwa nacho, ni ngumu kiasi kwamba inaweza kushika hewa. Chukua siagi iliyolainika, joto lake liwe nyuzi 18 hadi 20, ukiibonyeza kwa kidole inabonyea na shimo linabaki lakini kidole hakizami moja kwa moja. Tia sukari uanze kuchapa. Mwanzoni unapata rojo zito la njano linalokwaruza, ukitega sikio unasikia punje za sukari zikisaga ukuta wa bakuli. Zile punje zina kona kali, kila zikipita zinachimba vishimo vidogo sana ndani ya siagi na hewa inanaswa humo. Ukiendelea dakika 3 mpaka 5 na mashine, rangi inatoka kwenye njano inakaribia nyeupe, mchanganyiko unafura, ukinyanyua mwiko unabaki umesimama na ncha. Hiyo hewa ndiyo keki yako. Bekingi pauda ikifika kwenye joto inapanua vishimo vilivyopo, haianzi kuchimba vipya, kwa hiyo ukilipua hiyo hatua hakuna kijiko cha ziada cha bekingi pauda kitakachokuokoa. Siagi ikiwa ya baridi sana haichapiki, ikiwa imeanza kung'aa na kuteremka basi imepitiliza, hewa inaingia na kutoka hapohapo, irudishe kwenye friji dakika chache.

Mafuta ya maji hata uyachape na sukari mpaka jioni yatabaki mafuta na sukari. Kwa hiyo ukibadilisha siagi kwa mafuta lazima ubadilishe na njia: chapa mayai na sukari kwanza mpaka yawe meupe na mazito, ndipo umwagie mafuta kidogokidogo kama uzi huku unaendelea kuchapa, unga uje mwisho na uchanganywe kwa mkono mwepesi. Hapo hewa inashikwa na mayai. Watu wanaosema mafuta yanaharibu keki mara nyingi wametumia njia ya siagi kwenye mafuta, hilo tu.

Na mafuta yana ushindi wake. Siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, chini ya hapo inaganda, kwa hiyo keki ya siagi ukiitoa kwenye friji ni ngumu na inaonekana kavu mpaka irudi kwenye joto la kawaida. Keki ya mafuta hata ikiwa ya baridi ni laini, na siku ya tatu bado ina unyevu. Kama unaoka leo inaliwa keshokutwa, au keki itakaa kwenye friji kwa sababu ya krimu, mimi bila kusita nachukua mafuta. Keki ya chokoleti, ya karoti, ya ndizi, ya viungo vikali, zote hizo mafuta, maana ladha ya siagi ingefunikwa humo tu na unakuwa umeitumia bure. Keki nyeupe ya vanila, biskuti za siagi na chochote ambacho ladha yake kuu ni siagi yenyewe, hapo usibadilishe, utapata kitu kinacholika lakini hakitakuwa chenyewe.

Biskuti ni kesi yake peke yake. Unga wa biskuti wa mafuta haushiki umbo vizuri kwa kukata na kifaa, na unatoa biskuti inayomung'unyika tofauti, kama mchanga, wakati siagi inakupa ile ya kukatika. Ukilazimika kutumia mafuta chagua biskuti za kuviringisha kwa mkono na kubonyeza, na donge la unga lipumzike kwenye friji kwanza.

Pai na vitu vya tabaka: hapa unahitaji mafuta magumu na ya baridi, hakuna mjadala. Vipande vya siagi ya baridi vinakaa katikati ya unga, kwenye oveni vinayeyuka vinaacha nafasi na maji yake yanageuka mvuke yanasukuma tabaka zipande. Mafuta ya nguruwe, kwa wanaoyatumia, yanatoa tabaka nzuri zaidi hata ya siagi lakini ladha ya siagi hayana. Mafuta ya nazi yaliyogandishwa yanafanya kazi kwa heshima. Mafuta ya maji yanapaka kila punje ya unga na matokeo yake ni ganda la pai laini la kumung'unyika bila tabaka, kwa pai yenye ganda la chini tu la kujazwa vitu ni sawa, kwa tabaka usijaribu.

Majarini: ipi hasa?

Majarini ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1869 na mkemia Hippolyte Mège-Mouriès, Napoleon III alikuwa ametangaza zawadi kwa atakayepata mbadala wa bei nafuu wa siagi, na ile ya kwanza ilitokana na mafuta ya ng'ombe. Baadaye, Mjerumani Wilhelm Normann alipopata hataza ya kugandisha mafuta ya maji kwa haidrojeni mwaka 1902, viwanda vikahamia kwenye mafuta ya mimea. Shida ya teknolojia hiyo ilijulikana miaka mingi mbele: mafuta yakigandishwa kwa haidrojeni nusunusu yanazaa mafuta ya transi, ambayo yanapandisha kolesteroli mbaya na wakati huohuo yanashusha ile nzuri. Denmark iliweka kikomo mwaka 2003, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaziomba nchi zote ziyaondoe kwenye chakula. Majarini nyingi siku hizi zinatengenezwa kwa njia nyingine, ila soma lebo, ukikuta maneno ya mafuta yaliyogandishwa kwa haidrojeni kwa sehemu, irudishe rafuni. Hata kama lebo hiyohiyo imeandika sifuri ya transi kwa mbele, maana baadhi ya nchi zinaruhusu kuandika sifuri kiasi kikiwa chini ya gramu 0.5 kwa kipimo kimoja cha kula, na nani anakula kipimo kimoja.

Kwa mpishi tofauti ya kujua ni moja. Kuna majarini ngumu ya kipande yenye mafuta asilimia 80, hiyo inakaa mahali pa siagi gramu kwa gramu bila hesabu yoyote, inachapika na sukari vizuri tu na tena inalainika haraka kuliko siagi, ladha ndio inapungua. Halafu kuna ile laini ya kopo ya kupaka mkate, ambayo inaweza kuwa na mafuta asilimia 60, 40 au hata chini, kinachobaki ni maji. Ya pili usiokee. Biskuti zitatambaa zishikane, keki itakaa kama mpira, ukiikaangia itarusha matone ya moto kwa sababu ya yale maji. Mbele ya kopo zinaonekana ndugu, nyuma kwenye maandishi madogo hazifanani kabisa.

Samli na siagi kwenye kikaango

Weka kipande cha siagi kwenye kikaango cheupe ndani, moto wa kati, usiondoke. Inayeyuka, inatoa povu, inaanza kupasukapasuka, zile kelele ni maji yake yanaondoka na maadamu maji yapo joto halipandi sana kupita nyuzi 100. Kelele zikipungua ujue maji yamekwisha na sasa joto linapanda haraka. Sukuma povu pembeni uangalie chini, utaona chembe za maziwa zinageuka kahawia na harufu inakuwa tamu, ya karanga. Hapo ni pazuri kweli, mimina juu ya samaki, viazi, boga, chochote. Ila sekunde chache tu mbele yake zile chembe zinakuwa nyeusi na chungu, na uchungu huo hauondoki.

Zichuje zile chembe kabla hazijaungua na umeshapata samli, gramu 250 za siagi zinatoa kama gramu 200. Na hicho kitendo kidogo cha kuchuja kinabadilisha kila kitu, siagi inaanza kutoa moshi kwenye nyuzi 150 hadi 175, samli inavumilia mpaka karibu 250. Kwa hiyo mayai laini, mboga za haraka, mchuzi wa kumalizia, tumia siagi. Kukaanga nyama mpaka ishike rangi, kitunguu cha muda mrefu, moto mkali, tumia samli.

Kuna imani kwamba ukichanganya siagi na mafuta ya maji basi siagi haitaungua. Haiko hivyo. Kinachoungua ni chembe za maziwa na zenyewe hazijali zimezungukwa na mafuta gani, zikifika joto lake zinaungua. Kuchanganya kunazipunguza tu wingi kwenye kikaango, na kunakupa ladha ya siagi kwa siagi kidogo, kwa hilo ni sawa kabisa, ila usipandishe moto ukidhani una kinga.

Samli kwenye kuoka inafuata hesabu ya mafuta, gramu 80 na kijiko cha maji kwa kila gramu 100 za siagi, inashika hewa kidogo kuliko siagi na ladha yake ni kali zaidi. Na kwa anayesumbuliwa na sukari ya maziwa, samli haina ya kumsumbua, karibu yote imeondoka. Mwenye aleji ya protini ya maziwa ni habari nyingine, mabaki kidogo sana yanatosha kumdhuru, yeye apewe mafuta ya mimea.

Mafuta ya kukaangia: moshi na uvumilivu

Watu wanapenda kuangalia kiwango cha moshi peke yake, na kweli ni muhimu, mafuta yakitoa moshi ladha inaharibika na yanaanza kuvunjika yakitoa vitu vinavyowasha macho na koo. Alizeti, karanga, kanola yaliyosafishwa yanafika nyuzi 220 hadi 230 hivi. Parachichi yaliyosafishwa yanapita 250. Zeituni ya kukamuliwa bila kusafishwa 190 hadi 210. Nazi yenye harufu yake 175, nazi iliyosafishwa isiyo na harufu 200 na zaidi. Mbegu za kitani 107 tu, hayo ni ya kumwagia kwenye chakula kilichopoa, moto usiyaonyeshe kabisa. Kanuni ya haraka: mafuta yakiwa na rangi na harufu nzito ya kilichokamuliwa, yanavumilia moto kidogo kuliko ndugu yake aliyesafishwa.

Lakini kuna cha pili, uvumilivu wa kukaa kwenye moto muda mrefu. Kukaanga kwa mafuta mengi kunafanyika kwenye nyuzi 170 hadi 190, mafuta karibu yote yaliyosafishwa yanafika hapo bila moshi, swali ni yanachoka haraka kiasi gani. Alizeti ya kawaida na soya vina aina ya mafuta inayoshambuliwa upesi na hewa na joto, mara ya kwanza ni safi, ukiyarudia rudia yanachakaa mapema. Karanga, zeituni, mawese na ile alizeti iliyoandikwa kwamba ina oleiki nyingi (aina ya mafuta isiyochakaa upesi) vinadumu zaidi. Kwa hiyo kama unakaanga mara moja moja nyumbani alizeti inatosha sana, kama unakaanga kila siku na kuchuja ili urudie, tafuta yenye oleiki nyingi au karanga. Karanga ila uulize wanaokula kama wana aleji. Na hii hofu kwamba zeituni haikaangiwi naona imekuzwa, kwa kukaanga kwa kawaida jikoni inafaa, sababu ya kutoijaza kwenye sufuria ni gharama yake na ladha yake kuliko kitu kingine.

Mawese mekundu yana rangi yake inayotokana na karotini, ileile familia inayotoa vitamini A, na watu wengine huyachoma mpaka yawe meupe ndipo wapikie. Ukifanya hivyo umeiua karotini yote, afadhali ukapika nayo kwa moto wa wastani yakiwa mekundu, au kama unataka yasiyo na rangi ununue yaliyosafishwa tangu mwanzo.

Mafuta ya kukaangia yaliyochoka yanajionyesha: yamekuwa meusi na mazito, yanatoa povu linalogoma kushuka, yanatoa moshi mapema kuliko zamani, yana harufu ya rangi ya kuta. Dalili moja ikiwa wazi usiyaongezee mapya juu yake, mapya yatachoka haraka kwa kuchanganywa na yaliyoharibika. Na usimwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba, yaache yapoe uyafunge kwenye chupa au kopo ya kutupa.

Na hili naomba lisipite kirahisi: mafuta yakishika moto usimwage maji, kamwe. Maji yanazama chini ya mafuta, yanachemka papo hapo na kugeuka mvuke unaorusha mafuta yanayowaka juu mpaka dari. Zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko cha chuma, usiibebe kwenda nje, iache imefunikwa mpaka ipoe kabisa. Kama moto haujazimika kwa kufunika, toeni watu ndani na mwite zimamoto.

Nazi badala ya siagi

Kwa asiyetumia maziwa, mafuta ya nazi ndilo chaguo linalokaribia siagi kwa mkao. Tatizo lake ni kwamba linageuka ghafla, chini ya nyuzi 24 ni gumu, juu ya hapo ni maji, hakuna ule ulaini mrefu wa katikati ambao siagi inakupa. Siku ya joto huwezi kuichapa na sukari, siku ya baridi inakuwa jiwe. Na ukiiyeyusha ukaimimina kwenye mayai au maziwa yaliyotoka friji inaganda vipunjepunje hapohapo, kwa hiyo kila kitu kiwe kwenye joto la kawaida kwanza. Kipimo gramu 80 kwa 100 pamoja na kile kijiko cha maji. Kama hutaki keki yako inukie nazi, chukua iliyosafishwa.

Ya ladha

Mafuta ya ufuta uliokaangwa, zeituni nzuri ya kukamuliwa, mafuta ya jozi, hivi ni viungo zaidi kuliko mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja mwishoni moto umezimwa kinafanya kazi kuliko nusu kikombe mwanzoni. Ufuta mweusi-kahawia ukiisha usijaribu kuweka ufuta mweupe usio na harufu ukitegemea kitu kilekile, afadhali ukaange mbegu zenyewe uzisage. Halafu mayonezi: ukitengeneza kwa blenda na zeituni ya kukamuliwa inatoka chungu, ile kasi ya visu inaachia vitu vichungu vilivyo kwenye mafuta. Tumia alizeti kwa sehemu kubwa, zeituni uichanganye mwishoni kwa mkono.

Matunda na mtindi mahali pa mafuta

Ndizi ya kuponda, tofaa la kupika na kuponda, mtindi. Hivi vinaleta unyevu, haviwezi kufanya kazi nyingine yoyote ya mafuta. Badilisha nusu, sio yote. Ukitoa mafuta yote keki inakuwa ya mpira kwa sababu hakuna kinachozuia unga usishikane. Kwenye biskuti na pai usihangaike navyo.

Afya, kwa ufupi

Mafuta yote yana kalori 9 kwa gramu, kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120 hivi, awe zeituni awe nazi. Chupa iliyoandikwa nyepesi mara nyingi inazungumzia rangi na ladha, sio kalori. Kinachotofautiana ni aina. Mafuta ya nazi yana mafuta yaliyoshiba, yaani aina inayopandisha kolesteroli mbaya, zaidi ya asilimia 80, mafuta ya siagi zaidi ya 60, mawese karibu 50, nguruwe kama 40, zeituni 14, alizeti 11, kanola 7 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa hiyo kwa kupikia kwa kila siku mimi naegemea mafuta ya maji wazi kabisa, na siagi, samli na nazi naona vikae pale ambapo ladha au mkao wake unahitajika kweli, sio kwenye kila sufuria kwa mazoea. Ile sifa ya nazi kwamba inatibu kila kitu haina mashiko.

Kama una nafasi ya vitu viwili tu kwenye kabati, nunua mafuta ya maji yaliyosafishwa yasiyo na harufu na siagi isiyo na chumvi. Siagi unaweza kuigeuza samli mwenyewe, chumvi unaongeza mwenyewe, na kati ya hivyo viwili hakuna resipi nyingi zitakazokushinda. Cha tatu ukipata uwezo, zeituni ya kukamuliwa, chupa ndogo.

Ndogo kwa sababu mafuta yanaharibiwa na mwanga, hewa na joto, na ile chupa tunayopenda kuiweka pembeni ya jiko inapata vyote vitatu kwa mpigo. Iweke kabatini, imefungwa vizuri, ya kitani na jozi ziingie friji kabisa. Siagi inakubali kugandishwa miezi kadhaa ikifungwa vizuri, maana inanyonya harufu za jirani. Na ukitia vitunguu saumu vibichi ndani ya mafuta usiyaache mezani, bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu inayoweza kuua, wanapenda mahali pasipo na hewa na hawabadilishi harufu wala rangi ukaweza kujua, tengeneza kidogo, weka friji, tumia ndani ya siku 4 na kinachobaki umwage.